KILE KIKOMBE CHA BATI CHA MPISHI WA MORO: STORI YAKE NZIMA HII HAPA

Kama unamfuatilia yule mdada wa Morogoro anayepika mapishi ya Kihindi TikTok, basi kile kikombe umeshakiona. Cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi karibu na mkono. Kila video kipo. Mchele anapimia humo, choroko humo, maji humo. Na kwenye komenti swali ni lile lile kila siku: "Dada, hicho kikombe umenunua wapi?"

Mdada alikuwa anajibu kila kitu, hadi swali la lini anaolewa. Hilo la kikombe alikuwa analiruka.

Mwezi uliopita kalijibu. Tangu hapo wadau hawajalala. Wapo wanaomwita shujaa, wapo wanaomwita mtovu wa shukrani, na wengi hawajui stori yenyewe ilianzia wapi. Majina yaachwe pembeni, stori ni hii, mwanzo mwisho. Na mapishi yamo humo humo, kwa hiyo usiondoke jikoni.

Alizaliwa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kule ambako ukipanda na bodaboda pua inakwambia umefika kabla ya macho. Mdalasini, karafuu, pilipili manga, vyote vinaanikwa juani nje ya nyumba za watu. Mama yake ana shamba la ukoo. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba lile lilikuwa linamsubiri yeye tangu siku aliyozaliwa.

Yeye hakulitaka. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka ya kusema "tafuta mengine", na akiwa na miaka kumi na nane akashuka mjini na begi moja. Kuna jirani alikuwa amemtafutia kazi za ndani kwa bibi mmoja wa Kihindi, mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kizamani katikati ya mji.

Hapa kidogo historia. Wahindi wa Moro si wageni wa jana. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907, na mji ulivyokua, wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat na Kutch walikuwa sehemu ya mji. Bibi huyu alizaliwa hapo hapo Moro. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, ndugu zake wengi waliondoka, wengine Uingereza, wengine Kanada. Yeye na mumewe wakabaki. Kiswahili chake ni cha mji kasoro bahari kabisa. Akianza kubishana bei na muuza mchicha, muuza mchicha ndiye anaomba poo.

Siku ya kwanza bibi alimwonyesha binti vitu viwili. Kwanza, kopo kubwa la duara la chuma, ukilifungua ndani kuna vikopo saba: manjano, binzari nyembamba, haradali, unga wa giligilani, pilipili ya unga, uwatu, na garam masala aliyosaga mwenyewe. Pili, rafu ya chini kabisa jikoni. Sahani moja, bakuli moja, kikombe kimoja cha bati.

"Hivi vyako," bibi akasema.

Basi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha swichi ya taa ilipo.

Bibi hali nyama, hali samaki, hali yai. Wiki ya kwanza binti alikuwa akitumwa sokoni anapitia mishikaki kimyakimya, anakula amejificha nyuma ya kibanda kama mwizi. Alijua atakonda. Chakula gani hicho, majani na manjano kila siku?

Kilichombadilisha ni dali. Siku hiyo bibi alichemsha choroko zilizokobolewa, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, na nusu kijiko cha manjano na chumvi, mpaka zikapasuka zikawa uji. Binti akaonja, akaona uji wa mgonjwa tu. Bibi akacheka. Akachukua kikaango kidogo, mafuta vijiko viwili, akayaacha yapate moto sawasawa. Akatupia kijiko cha binzari nyembamba, zikaanza kurukaruka. Vitunguu saumu vitatu vilivyopondwa. Pilipili mbili kavu. Nyanya moja. Halafu akamwaga vyote, na mafuta yake, juu ya ule uji. Chwaaa! Nyumba nzima ikanukia.

"Viungo haviamki kwenye maji," bibi akamwambia. "Vinaamka kwenye mafuta."

Wagujarati wanaita hiyo vaghar, kwenye video nyingi za India utasikia tadka. Ni dakika mbili tu, lakini ndiyo inayotenganisha dali na uji. Mdada mpaka leo anasema ukijua hiyo, nusu ya mapishi ya Kihindi umeshamaliza. Zilizobaki ni kubadilisha kilichomo kwenye sufuria.

Na kweli. Viazi na koliflawa za Mgeta zinazoshushwa sokoni asubuhi? Kata, mafuta, haradali zipasuke, manjano, giligilani, chumvi, funika na moto mdogo, usiweke hata tone la maji. Mboga itatoa maji yake yenyewe. Dakika ishirini umekula. Mbaazi ambazo sisi tumezoea kuziweka nazi, bibi alizipika zikiwa zimekobolewa na kupasuliwa, na kaukwaju kidogo na kasukari kidogo, ukila huelewi kama ni chachu au tamu, ila sahani inaisha.

Hizo mbaazi zina stori yake. India ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, na mwaka 2017 ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei kwa wakulima wa huku ikaanguka vibaya. Bibi alikuwa anaikumbuka hiyo akimsuta binti: "Mnalima, hamjui kupika. Anayejua kupika ndiye anawapangia bei." Binti alikuwa ananuna. Lakini alilishika.

Miaka ikaenda. Akajua chapati za Kigujarati, nyembamba kama karatasi, zinazovimba kama puto. Akajua kutengeneza jibini ya paneer nyumbani: lita moja ya maziwa, ikichemka unatia ndimu vijiko viwili, yakikatika unachuja kwa kitambaa safi, unakandamiza chini ya jiwe la kinu kwa saa moja. Akaanza hadi kumpikia bibi vya kisasa alivyoona kwenye simu, paneer kwenye mchuzi wa nyanya na siagi, chapati za kukunja zenye viazi vya pilipili ndani. Bibi akawa analalamika kwamba hayo si mapishi, ni matangazo ya biashara. Halafu anaongeza.

Ila kikombe kiliendelea kukaa rafu ya chini. Bibi anakula mezani sebuleni, binti anakula jikoni, kwenye sahani yake, anakunywea kikombe chake. Hakuna aliyeligusia. Mshahara ulikuwa unalipwa kwa tarehe, akiumwa anapelekwa hospitali, ada ya mdogo wake bibi alishatoa mara mbili bila kuombwa. Na kikombe kipo pale pale.

Mwaka wa tano bibi akateleza bafuni akavunjika mkono. Hawezi kukata chapati, hawezi kushika kijiko. Ikabidi binti amlishe, na mtu huwezi kumlisha mwenzio mbalimbali, kwa hiyo wakaanza kula pamoja pale pale meza ya jikoni. Usiku mmoja bibi akashikwa na kiu, na kikombe kilichokuwa karibu ni kile cha bati. Binti akamnywesha. Bibi akanywa, akashukuru, akalala.

Asubuhi kikombe kikarudi rafu ya chini. Na aliyekirudisha si bibi. Ni binti mwenyewe, kwa mkono wake. Anasema hicho ndicho kinachomuuma kuliko vyote.

Mwishoni mwa 2024 wajukuu wakaja kumchukua bibi aende kuishi nao Leicester. Alikuwa hataki, lakini mkono haukupona vizuri na nyumba ilikuwa kubwa. Binti aliwasindikiza mpaka stesheni ya SGR, treni ambayo ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Moro mwezi Juni mwaka ule ule. Kabla ya kuondoka bibi alimwambia achague chochote jikoni. Akachukua kopo la viungo. Halafu, bila kujua kwa nini, akachukua na kikombe.

Akapanga chumba Kihonda. Akawa anapika chakula cha mchana cha kuagiza WhatsApp, boda anapeleka maofisini. Siku ya kwanza alipika sahani ishirini, zikatoka nne. "Bei hiyo halafu hakuna nyama?" Nyingine akagawa, nyingine zikaharibika. Kuuza ikabidi kwanza afundishe, ndipo akaanza video. Akawaambia watu: acheni kuogopa, chapati mnakula, sambusa, bajia, biriani, kachumbari mnakula, wenzenu walishaingia jikoni kwenu zamani, hamkusikia hodi tu. Ile video ikatrendi. Wafuasi wakaongezeka, oda zikaongezeka.

Na kwenye video alikuwa anamtaja bibi. "Bibi aliyenifundisha, aliyenipenda kama mwanae." Watu wakapenda sana. Mioyo, machozi, moto. Kila akilitamka hilo laiki zinapanda.

Ndipo ikaja dili. Kampuni moja ya viungo, jina limehifadhiwa, ikamtumia mkataba wa tangazo. Hela yake ingelipa kodi ya mwaka mzima na ada ya mdogo wake ikabaki. Maneno ya tangazo yalikuwa yameshaandikwa: "Alinilea kama mwanae. Tulikula sahani moja." Wakataka na mama yake mzazi aonekane, wakulima wa Uluguru, milima nyuma, ukungu, mambo mazuri.

Akapanda Kinole kumwambia mama. Na kwa kuwa alikuwa hajawahi kumpikia, akaingia jikoni akapika kichri. Hii ni rahisi kuliko zote na ndiyo anayoipika mpaka leo akiwa amechoka. Kikombe kimoja cha mchele, nusu kikombe cha choroko zilizokobolewa, osha, loweka nusu saa. Kijiko cha samli kwenye sufuria, kijiko kidogo cha binzari nyembamba, kipande cha mdalasini, karafuu mbili, punje tano za pilipili manga. Vikishanukia weka manjano, mchele na choroko, chumvi, vikombe vinne vya maji. Funika, moto mdogo, mpaka iwe laini kama bokoboko. Kula na mtindi.

Mdalasini alichomoa kwenye fungu la mama pale nje. Mama akamaka: "Wee, hiyo ya kuuza!"

Miaka yote ile anaanika mdalasini na pilipili manga, anauza kwa madalali wanaokuja na mizani yao, na kwenye sufuria yake mwenyewe hajawahi kuweka hata punje moja. Chumvi na kitunguu, basi. Akala kijiko cha kwanza. Cha pili. Akakaa kimya muda mrefu.

"Kumbe ndiyo maana wanazitaka," akasema.

Binti akaona hapa ndipo, akamweleza habari ya tangazo, hela, na yale maneno. Mama akamsikiliza mpaka mwisho huku anakwangua sahani. Halafu akauliza swali moja tu.

"Na kweli mlikuwa mnakula sahani moja?"

Binti akaangalia chini. Pale chini kilikuwepo kile kikombe, amepimia mchele. Akamweleza mama habari ya rafu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

Mama hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Basi usiseme mlikula sahani moja. Sema alikufundisha kupika, hilo ni kweli na linatosha."

Mdada akaiandikia kampuni: yuko tayari kwa tangazo, ila ule mstari utoke. Wakajibu kwamba ule mstari ndiyo tangazo lenyewe. Akapiga hesabu ya kodi usiku kucha. Asubuhi akakataa. Hawakumtafuta tena.

Wiki hiyo hiyo akakaa mbele ya simu, bila muziki, bila kujipamba, akapika dali ya choroko. Alipofika pa kupima akainua kikombe. "Mnauliza nimenunua wapi. Sijanunua. Hiki kilikuwa kikombe changu cha kunywea nyumba niliyofanya kazi, kwa sababu sikuruhusiwa kunywea vingine. Aliyenipa hiki ndiye aliyenifundisha kila mnachokula humu. Yote mawili ni kweli. Haya, mafuta yamepata moto."

Akaendelea kupika.

Wadau, kilichofuata mnakijua. Komenti maelfu. Kundi la kwanza likaanza kuwatukana Wahindi wote, tangu reli mpaka leo. Kundi la pili likamgeukia yeye: bibi wa watu kakulisha miaka sita, kakulipia ada za mdogo wako, leo unamwanika? Wengine wakatetea kwamba ni mila, kwamba wasiokula nyama hawachanganyi vyombo na wanaokula. Wengine wakasema anatafuta kiki.

Mdada alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaandika komenti moja, akaibandika juu kabisa: "Kabla hamjamtukana bibi wa watu, nendeni jikoni kwenu. Dada wa kazi anakula wapi? Anakula saa ngapi? Anakula kilichobaki au mnachokula ninyi? Kikombe chake ni kipi? Ukipata jibu, rudi tuongee."

Ghafla pakapoa. Maana majibu yalianza kuja, na hayakuwa ya Wahindi. Mmoja akaandika kwamba kwao dada ana sahani ya plastiki ya njano, hata mtoto wa miaka mitatu anajua ni ya nani, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mwingine akasema yeye ndiye dada, anasoma hii akiwa amekaa stoo, wenye nyumba wanakula.

Siku ya nne simu ikalia. Namba ya Uingereza, video. Bibi, kajifunga sweta mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtoto. Mjukuu amenionyesha."

Kimya. Binti anasema mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Ni kweli," bibi akasema. "Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nikafanya. Sikuwahi kujiuliza." Akanyamaza tena. Halafu akasogeza uso karibu na simu. "Lakini zile choroko hukuloweka. Nimeona. Zimechukua muda mrefu, gesi inaisha bure."

Binti akacheka mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Bibi hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na binti hakumdai. Waliongea nusu saa, zaidi ni habari za jikoni. Mwisho bibi akalalamika kwamba mdalasini anaonunuliwa huko hauna harufu, kama maganda ya mti wowote tu. Akauliza kama mama yake Kinole bado analima.

Binti akampigia mama kumpa ombi. Sasa hivi mama hauzi mdalasini wote kwa madalali. Mwingine unashushwa Kihonda, binti anaufunga kwenye pakiti ndogo, anauza kwa wafuasi wake pamoja na pilipili manga. Si utajiri, kodi bado inamkimbiza kila mwezi. Lakini bei anapanga mama.

"Mpelekee," mama akasema. "Mdalasini mzuri, wa juu kabisa. Ila anunue, kama watu wengine."

Na kikombe? Kipo. Video ya juzi amepimia mchele humo humo. Alipomaliza akakiosha, akakiweka rafu ya juu, pamoja na vingine.

Haya wadau, choroko zenu zilowekwe mapema, gesi siyo ya kuchezea. Halafu lile swali lake halijafungwa: kwenu, kikombe cha dada ni kipi?